Mvumo, Mdundo na Jii: Msamiati wa Kiswahili na Mkondo wa Damu katika Mkono wa Mgonjwa wa Figo

IKISIRI

Mgonjwa wa figo anayechujwa damu kwa mashine huutegemea mshipa mmoja wa mkono wake. Mshipa huo ukisinyaa, ukiziba au ukiupunja mkono damu, dalili za kwanza humfikia mgonjwa mwenyewe kabla ya kumfikia daktari. Huzipokea kwa vidole, kwa sikio na kwa lugha aliyo nayo. Makala haya yanachunguza maneno ambayo kwayo matatizo hayo yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili nchini Kenya. Inadaiwa kwamba maneno kama vile mshipa, fistula, kuganda na wizi wa damu humpotosha msikilizaji mahali pale pale anapohitaji uwazi, ilhali msamiati wa sauti pamoja na tanakali, ambao aghalabu hauhesabiwi kuwa istilahi, ndio unaobeba maana ya kitabibu kwa usahihi zaidi.

UTANGULIZI

Figo zinaposhindwa kabisa kufanya kazi, taka na maji ambayo zingeyatoa kwa mkojo hubaki mwilini. Mgonjwa asipopandikizwa figo nyingine, njia kuu iliyobaki ni kuunganishwa na mashine ambayo huivuta damu yake, huipitisha katika kichujio chenye utando mwembamba, kisha humrudishia. Kipindi kimoja huchukua takriban saa 4. Mashine ikivuta mililita 300 kwa kila dakika, lita 72 za damu huwa zimepita kichujioni kufikia mwisho wa saa hizo, yaani zaidi ya mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Mwili wa mtu mzima nao una lita 5 hivi tu. Damu ile ile, basi, huzunguka mara kumi na nne na zaidi.

Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha tatizo linalojadiliwa hapa. Mshipa ulio karibu na ngozi, ule unaodungwa mtu anapotolewa damu ya kupimwa, hauwezi kutoa mililita 300 kwa dakika. Mshipa wenye nguvu hizo umejificha ndani, na kuudunga mara mbili au tatu kila wiki kwa miaka ni kuuharibu. Hivyo lazima itengenezwe njia.

Nchini Kenya suala hili limetoka katika hospitali chache za miji mikubwa na kuwa la umma. Kuanzia mwaka 2015, Bima ya Taifa ya Hospitali (NHIF) iligharimia vipindi viwili kwa wiki, na katika miaka hiyo hiyo mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulifikisha mashine katika hospitali za kaunti. Mnamo Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Mashine ziliposafiri, mazungumzo ya kando ya kitanda nayo yalibadilika. Muuguzi aliyefunzwa kwa Kiingereza, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiluhya, mathalani, humweleza mkulima Mmeru jambo ambalo wote wawili hawakuwahi kulisoma kwa Kiswahili, na bado Kiswahili ndicho daraja pekee kati yao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Sheria haikusema maneno hayo yatatoka wapi. Hilo ni swali la idara za Kiswahili kuliko lilivyo la wizara.

NJIA YA DAMU ILIVYOPATIKANA

Mwaka 1943, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi uliokuwa chini ya Wajerumani, Willem Kolff alianza kuwachuja wagonjwa damu kwa mashine aliyoibuni. Kila kipindi kilimaliza mishipa ya mgonjwa, na mishipa ilipokwisha matibabu nayo yalikwisha. Mashine, kwa hiyo, iliweza kumvusha aliyeugua ghafla, lakini haikumfaa yule ambaye figo zake hazingerudi tena. Mwaka 1960 Belding Scribner na wenzake mjini Seattle, Marekani, waliacha mirija ya Teflon mkononi mwa mgonjwa ili iunganishwe na mashine kila ilipohitajika. Clyde Shields, wa kwanza kuwekewa, aliishi hadi mwaka 1971. Hata hivyo, mirija iliyotokeza nje ya ngozi iliziba na kuingiwa na viini mara kwa mara.

Mwaka 1966 madaktari wa Bronx, New York, wakiwamo Michael Brescia na James Cimino, walichapisha njia iliyoondoa mrija kabisa. Chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, mshipa unaotoka moyoni uliunganishwa moja kwa moja na mshipa unaorudi moyoni. Damu yenye shinikizo kubwa iliingia katika mshipa laini, nao ukatanuka na kuwa mgumu wa ukuta. Mkondo ambao hapo awali ulikuwa mililita makumi machache kwa dakika hupanda ukafika mamia. Kipimo kilichozoeleka tangu miaka ya 2000 ni kwamba, baada ya wiki 6 hivi, mkondo ufikie mililita 600 kwa dakika, upana wa mshipa milimita 6, na usiwe ndani zaidi ya milimita 6 kutoka juu ya ngozi. Aghalabu huchaguliwa mkono ambao mgonjwa hautumii sana. Kwa wengi huo ni wa kushoto, ambao Kiswahili cha kale huuita mkono wa kike na ambao adabu ya mezani huuweka kando. Mkono usiopewa sahani ndio unaobebeshwa uhai.

MSHIPA KUUNGANISHWA NA MSHIPA

Tatizo la kwanza la lugha limo katika sentensi ya kwanza anayoambiwa mgonjwa: "Tutaunganisha mshipa na mshipa." Kwa Kiswahili cha kila siku ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, na pwani mtu akisemwa ana mshipa huenda ikaeleweka kwamba amevimba korodani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikuwa tayari imezikusanya maana hizi za mishipa na maradhi yake mahali pamoja. Upana huo hauna ubaya katika mazungumzo ya kawaida. Hapa, hata hivyo, maana yote ya upasuaji imo katika tofauti ya mishipa hiyo miwili, na neno limeifuta tofauti hiyo. Msikilizaji hana kosa akijiuliza faida ya kufunga kamba kwenye kamba ya aina ile ile.

Maneno ateri na vena yapo, na Tanzania, ambako shule za msingi za umma hufundisha sayansi kwa Kiswahili, si mageni. Mkenya aliyemaliza kidato cha nne alisomea damu kwa Kiingereza. Kwake ateri ni neno geni la tatu, baada ya lile la Kiingereza na lile la nyumbani. Kinachompa picha ni mwelekeo. Mshipa wa kwenda ni ule unaotoa damu moyoni, na mshipa wa kurudi ni ule unaoirudisha. Anayepanda matatu anaijua tofauti ya nauli ya kwenda na ya kurudi bila kufafanuliwa. Ateri na vena zibaki katika vitabu na katika faili. Kitandani, kwenda na kurudi vinatosha.

FILIMBI NA NASURI

Mahali mishipa hiyo inapokutana, tiba ya Kiingereza hupaita fistula, na wahudumu wengi huhamisha neno hilo jinsi lilivyo. Utohozi ni njia halali ya kuunda istilahi, lakini una sharti moja ambalo husahaulika: neno linalotoholewa lisikute kiti kimekaliwa. Nchini Kenya kimekaliwa. Tangu kampeni ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi ilipozinduliwa mwaka 2003, redio na mabango yamelifanya neno hili kuwa jina la jeraha la mwanamke aliyechelewa kusaidiwa kujifungua na ambaye mkojo au kinyesi humtoka bila kujizuia. Kiswahili sanifu kina neno nasuri kwa hali hiyo, ila umma wa Kenya umezoea fistula. Neno limefungamana na aibu na kutengwa. Mama wa makamo anapoambiwa mbele ya mumewe na wanawe kwamba "utatengenezewa fistula", kile alichoogopa maisha yake yote ya uzazi ndicho anachosikia akiahidiwa. Mwanamume naye anasikia ugonjwa usiomhusu. Mtu anaweza kuukataa upasuaji kwa sababu ya jina tu, kisha ikaandikwa katika faili kwamba mgonjwa amekataa matibabu.

Inafaa kutajwa kwamba kwa Kilatini fistula ni bomba, na pia ni filimbi ya mwanzi. Wahenga hao wa Roma walilipa jina tundu kwa chombo kinachotoa sauti, jambo ambalo litakuwa na maana katika sehemu ifuatayo.

Pendekezo la makala haya ni makutano. Kenya haina uhaba wa miji na vituo viitwavyo Makutano, na kila mmoja anajua kwa nini paliitwa hivyo: njia mbili zimekutana, na kwa kuwa zimekutana pamechangamka. Neno halina aibu, linakubali umilikishi kwa urahisi (makutano yangu, makutano yake), na linazaa: makutano ya kifundo, makutano ya kiko, makutano machanga, makutano yaliyokomaa. Pale mishipa ya mgonjwa inapokuwa dhaifu na daktari akaweka mrija wa plastiki laini chini ya ngozi kuiunganisha, hayo ni makutano ya mrija. Katheta ya shingoni si makutano, na ni vyema jina lisiwachanganye wagonjwa kuhusu hilo. Wengi nchini huanza na katheta kwa kuwa hufika hospitalini hali zikiwa mbaya, wakaizoea, wakaona mkono hauna haja ya kupasuliwa.

MVUMO, MDUNDO, MLUZI, JII

Damu inapotoka katika mshipa wenye shinikizo kubwa na kumwagika katika mshipa mpana wenye shinikizo dogo, huzunguka kwa fujo kama maji chini ya maporomoko, na ukuta wa mshipa hutetema. Mgonjwa akiweka vidole juu ya makutano anahisi kutetema huko. Akiweka mkono sikioni, anasikia. Wanatiba wana istilahi moja ya kinachohisiwa na nyingine ya kinachosikika, na wanafunzi wao huzikariri kwa taabu. Kiswahili kina mtetemo na mvumo, wala hakuna aliyeyaunda maneno haya kwa ajili ya hospitali.

Kitenzi kuvuma kinastahili kutazamwa kwa makini. Vinavyovuma ni upepo, bahari, nyuki, ngoma kutoka mbali, na habari. Vyote vina sifa moja: sauti haikatiki. Haivumi ile inayogonga na kunyamaza, hiyo inadunda. Moyo hudunda, mchi hudunda, mpira hudunda, na kati ya mdundo na mdundo pana pengo. Sasa, dalili ya makutano yenye afya, kwa mujibu wa tiba, ni kwamba mtetemo na mvumo wake huendelea moyo unapokaza na unapolegea. Dalili mojawapo ya msinyao ulio mbele ya makutano, upande wa bega, ni kwamba kule kutetema kwa mfululizo hugeuka kupigapiga kwa nguvu, kwa vituo. Kwa maneno mengine, makutano yaliyokuwa yakivuma huanza kudunda. Tofauti ambayo mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwa aya nzima, msemaji wa Kiswahili huwa ameipokea pamoja na vitenzi viwili kabla hajaanza shule. Hajui tu kwamba anaijua.

Tanakali za sauti huliweka jambo hili hata karibu zaidi. Vuuu ni makutano mazima. Du, du, du ni mlango uliobanwa mbele. Fyuu, sauti nyembamba ya juu mithili ya mluzi, ni damu inayopenya mahali palipokuwa pembamba mno. Hapo filimbi ya Warumi inarudi. Jii ni kimya cha makutano yaliyoziba. Mwanafunzi wa Kenya hukariri "nyamaza jii" kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne na aghalabu hukutana na tanakali tena katika insha za watoto tu. Wanaisimu nao huziorodhesha pembezoni mwa sarufi. Katika chumba cha mashine tanakali haina hadhi ya pambo. Mgonjwa asiyejua kusoma anaweza kupiga simu usiku na kusema, "Sista, jana ilikuwa vuuu, leo ni du, du," naye muuguzi akapata habari ambayo istilahi yoyote ya Kilatini isingeongeza kitu.

Msinyao wenyewe hutokea kwa sababu mshipa wa kurudi haukuumbwa kuhimili shinikizo la mshipa wa kwenda. Ukuta wake hujibu kwa kunenepa kwa ndani, na nafasi ya damu kupita hupungua. Neno msinyao si kamilifu, maana kinachosinyaa hupungua chote, na hapa ukuta umeongezeka. Lakini linaeleweka, na si kila neno linafaa kupiganiwa. Lenye uzito zaidi ni mahali msinyao ulipo. Katika bonde la Kerio, Wamarakwet wametunza kwa vizazi mifereji inayoteremsha maji kutoka milimani hadi mashambani, na mtunza mfereji anajua kwamba kizuizi karibu na chanzo na kizuizi mbele ya shamba havina dalili moja. Kikiwa karibu na chanzo, mfereji wote hukauka. Kikiwa mbele, maji hufura nyuma yake na kumwagikia kando. Mkono vivyo hivyo. Msinyao ulio jirani na makutano huuacha mshipa ukiwa bapa na mtetemo wake dhaifu, na mashine hulalamika kwamba haipati damu. Msinyao ulio mbele huleta mdundo, uvimbe wa mkono, na damu inayochelewa kukatika sindano zikishatolewa. Ulio mbele kabisa, ndani ya kifua, mara nyingi ni urithi wa katheta iliyowahi kupitishwa chini ya mtulinga au shingoni. Mkono mzima huvimba na mishipa ya kifuani hutokeza.

Mkondo ukidhoofika kuliko mashine inavyovuta, hutokea jambo jingine lisiloonekana. Sindano ya kuchukua huanza kuivuta damu iliyotoka sasa hivi katika sindano ya kurudisha. Ni kama dobi anayezifua tena nguo zilizo safi huku chafu zikimngoja kikapuni. Saa 4 zinakwisha, mgonjwa anarudi nyumbani, sumu ingali mwilini, na hakuna aliyeona kasoro.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, husema Waswahili, na hapa methali haipaswi kufukuzwa kwa haraka. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika. Makutano yanayopitisha lita 1 yamechukua sehemu ya tano ya kazi hiyo. Yakipitisha lita 2, kama yatokeavyo hasa katika makutano ya kiko, moyo hulazimika kuzalisha zaidi mchana na usiku, na baada ya miezi au miaka waweza kutanuka na kuchoka. Mgonjwa akaanza kuhema akipanda ngazi. Mvumo mkubwa, basi, haumaanishi afya kubwa. Mgonjwa anayejivunia makutano yanayosikika hadi kwa aliyeketi jirani anastahili kupimwa moyo.

KUGANDA NA KUZIBA

Sindano zinapotolewa, muuguzi humpa mgonjwa pamba na kumwambia abane: "Subiri igande." Damu ikiganda, ni salama, anaweza kwenda nyumbani. Wiki hiyo hiyo anaonywa kwamba mkono usije "ukaganda", maana ukiganda umepotea. Kitenzi kimoja kimetumika kwa jambo la kutakwa na kwa jambo la kuogopwa, katika mkono mmoja, na pengine na muuguzi mmoja. Wapo watakaoelewa kwa muktadha. Lakini mgonjwa anayegusa makutano yake asubuhi na kuyakuta magumu, yametulia, hayatetemi, anaweza kabisa kufurahi kwamba hatimaye "yameganda vizuri".

Kuganda kubaki kwa tundu la sindano, na kuziba kwa njia, kungeondoa mkanganyo huu bila kuunda neno hata moja jipya. Tundu hugandiwa, njia huziba. Anayeambiwa njia imeziba hatafurahi.

Sababu za kuziba ni nyingi, na nyingi zake hutanguliwa na msinyao ambao haukugunduliwa. Presha kushuka sana baada ya kipindi ambacho maji mengi yameondolewa, kuulalia mkono, saa au bangili inayobana, ukanda wa kiondo ulioning'inizwa kwenye kigasha, na mhudumu wa zahanati nyingine anayefunga kipimo cha presha mkono ule ule. Hili la mwisho ni suala la adabu ya lugha. Mgonjwa aliyelelewa kutomkatalia daktari anahitaji sentensi ya heshima iliyo tayari mdomoni: "Samahani daktari, mkono huu ni wa mashine, naomba unipime huu mwingine." Bila sentensi hiyo, ataunyoosha.

Makutano yaliyoziba yaweza kufunguliwa kwa upasuaji, kwa mpira mdogo unaopulizwa ndani ya mshipa, au kwa dawa, ilimradi asicheleweshe. Kila siku inayopita hupunguza uwezekano, na baada ya siku mbili hivi matumaini huwa madogo. Yakipotea hutengenezwa mengine, na wiki za kukomaa huhesabiwa upya, katheta ikiwa shingoni. Mikono ni miwili tu, na kila mmoja una sehemu chache zinazofaa.

MWIZI ASIYEKUWAPO

Katika hali nyingine makutano huvuma vizuri lakini kiganja huteseka. Damu hufuata njia rahisi. Inapofika makutano, nyingi hugeukia mshipa wa kurudi, na kiganja kilicho mbele hubaki na kidogo. Inaweza hata kutokea damu ya mshipa wa pili wa kigasha ikazunguka kiganjani na kurudi nyuma kuelekea makutano. Vidole huwa baridi, hupauka, hufa ganzi, huuma hasa wakati wa kipindi. Hali ikikithiri hutoka vidonda, na vidole vyaweza kupotea. Wenye kisukari na wenye makutano ya kiko ndio walio hatarini zaidi. Wenye kisukari, isitoshe, wamekwishazoea ganzi, na hawaitaji.

Wanatiba wa Kiingereza hulitaja tatizo hili kwa neno la wizi, na tafsiri ya haraka ni wizi wa damu. Tafsiri hiyo haifai kabisa. Katika chumba ambamo mtu anaiona damu yake ikitoka kwa mrija mwekundu kuingia katika mashine isiyo yake, kumwambia kwamba mkono wake "unaibiwa damu" ni kuamsha kumbukumbu nzito. Pwani ina mumiani, dawa iliyoaminika kutengenezwa kwa damu ya watu, na wale waliosadikiwa kuwawinda watu kwa ajili yake. Nairobi ya ukoloni ilikuwa na uvumi wa wazimamoto waliodaiwa kuwakamata wapita njia na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo wa Afrika Mashariki katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na akaonyesha kwamba watu walizungumzia kwa njia hiyo mambo halisi ya mamlaka, malipo na miili yao. Msamiati huo haujafa.

Susan Sontag, mwaka 1978, aliwalaumu wanaouvika ugonjwa sitiari, akitaka ugonjwa uitwe ugonjwa. Miaka miwili baadaye George Lakoff na Mark Johnson walishikilia kwamba hatuna namna ya kufikiri bila sitiari. Suala la mkono huu linaelekea kuwapa haki Lakoff na Johnson, kwa tahadhari ya Sontag: hakuna anayeweza kueleza mkondo wa damu bila picha ya mkondo mwingine, ila picha iliyochaguliwa ovyo humuumiza anayeipokea.

Kiswahili kina kitenzi kupunja. Anayepunjwa hakuibiwa, amepewa, lakini chini ya haki yake. Mwenye duka anapunja kilo, tajiri anapunja mshahara. Mkono kupunjwa damu kunaeleza sawasawa kinachotukia: damu ipo, inafika, mgawo haukuwa wa haki. Na kwa kuwa ni mgawo, mgonjwa anaweza kushirikishwa katika uamuzi mgumu unaofuata. Daktari huweza kupunguza mkondo wa makutano, kuielekeza damu kiganjani kwa njia nyingine, au, kiganja kikiwa hatarini, kuyafunga makutano kabisa. Kuyafunga kunaokoa vidole na kuipoteza njia ya mashine. Anayeelewa kwamba kiganja na mashine vinalipwa kutoka mfuko mmoja anaweza kuuliza ni kiasi gani kila upande unahitaji. Aliyeambiwa habari ya mwizi atauliza mwizi ni nani.

MAANDISHI YA UKUTANI

Msamiati uliojadiliwa hauna thamani ukibaki katika jarida. Yafuatayo ni maneno yanayoweza kubandikwa juu ya kitanda au kuandikwa nyuma ya kadi ya mgonjwa:

"Kila asubuhi, na kila usiku kabla ya kulala, weka vidole juu ya makutano, kisha weka sikio. Ukihisi mtetemo na kusikia vuuu, endelea na shughuli zako. Ukipata du, du, du, au fyuu, mwambie muuguzi kabla hujadungwa tena. Ukikuta jii, njoo hospitali leo hii, hata kama siku yako ya mashine haijafika. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi kuliko vya mkono wa pili, mkono unapunjwa damu: sema. Mkono huu haupimwi presha, hautolewi damu ya kupimwa, haulaliwi, na haubebeshwi mzigo."

Maneno leo hii yamewekwa kwa makusudi mahali ambapo nyaraka za ofisi zingeandika "haraka iwezekanavyo". Kwa Mkenya wa kawaida haraka iwezekanavyo ni pale itakapowezekana: nauli ikipatikana, ng'ombe wakishakamuliwa, mtoto akirudi shule. Aliyepangiwa Jumanne na Ijumaa, akakuta jii Ijumaa usiku, atayasoma maneno hayo na kuona kwamba Jumanne inawezekana. Kufikia Jumanne zitakuwa zimepita siku tatu na zaidi.